Wiki Tulipoacha Sukari Wote

Daktari wa hospitali ya Kuluva aliponiambia nina kisukari, sindano hazikunitisha sana. Nilichoogopa ni Madamu, mwenye karakana yetu ya kushona sare za shule pale Arua, asije akaniondoa kwenye cherehani. Nikamwambia huku natazama viatu vyake.

Lo! Madamu akakusanya mafundi wote akatangaza, "Kuanzia leo hakuna mutu atakunywa chai na sukari hapa. Yeye iko peke yake? Hapana! Sisi yote tunaacha." Nilishukuru hadi nikaona haya. Kisha akanunua kopo la pipi, akaliweka kwenye droo yangu. Hiyo ni dawa yangu sukari ikishuka, alisema, na atakayeigusa atashona vifungo mwaka mzima.

Siku ya kwanza waliimba. Siku ya pili hakuna aliyemsalimia mwenzake. Siku ya tatu fundi wetu Mkongomani, mtu mpole kabisa, alishona suruali yenye mguu mmoja, na alipoulizwa akasema atakayeuliza tena atakiona cha moto. Wote wakanikodolea macho mimi. Na mimi nina mdomo: niliwaambia sikumtuma mtu, kila mmoja anywe chai yake aniachie shida zangu. Madamu akakataa katakata. Tulisema pamoja, basi ni pamoja.

Ijumaa tukapeleka sare Koboko, mimi, Madamu na dereva wake. Asubuhi nilijidunga insulini, nikatia kopo la pipi mkobani bila kulifungua. Njiani gurudumu likapasuka, tukakaa juani muda mrefu bila kula chochote. Tulipoondoka tena mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka chapachapa, na dereva nikawaona wawili. Nikafungua kopo. Tupu! Hata karatasi ya pipi hamna.

"Panya," alisema Madamu.

"Panya gani anafungua kifuniko na kukirudisha?" Nilifoka, kisha nikaanza kulia, maana niliogopa kweli. Mtu anaweza kufa hivi hivi, amekalia sare za watoto.

"Panya ya siku hizi iko na akili," akasema, na shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba.

Nikamtazama. Akanitazama. Akatema pipi kiganjani, akanisukumia mdomoni, imeshafyonzwa nusu. Mimi huyu, ninayeosha kikombe mara tatu kabla ya kunywa! Niliifyonza bila aibu, huku madereva wote wawili wakikimbiza gari hadi duka la kwanza. Wakaniletea soda, na nilipofika nusu ya chupa wakawa mmoja tena.

Madamu alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, wigi limepinda. "Mimi siku tatu tu imenishinda," akasema polepole. "Wewe unafanya namna gani, kila siku?"

Tangu niugue, kila mtu alikuwa ameniambia nile nini na nisile nini, hata watu nisiowajua sokoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilitaka kumjibu kwa maneno ya heshima, lakini nilipofungua mdomo nikapiga mbweu kubwa ya soda usoni pake.

Akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaendelea kungoja jibu.