Malaika Wangu wa Kwaresima

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, ndipo nianze. Nimechoka kuambiwa pole, ni mawazo tu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Kigoma, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya soda.

Tulisoma shule ya masista, bweni, wasichana watupu. Tulikuwa na desturi yetu. Jumatano ya Majivu kila mmoja anaokota kikaratasi chenye jina la mwenzake, na Kwaresima nzima anakuwa malaika wake wa siri: anamwombea, anamwoshea sahani, anamwekea kipande cha sabuni chini ya mto. Pasaka anajitokeza, nawe unampa kitu kimoja atakachokuomba. Kukataa hakukuwepo. Hata akitaka kanga yako mpya, unatoa huku unatabasamu. Mwaka wetu wa mwisho malaika wangu hakujitokeza, nami nikasahau. Nani anakaa anakumbuka mambo ya sabuni?

Sasa juzijuzi Perpetua, aliyekuwa kiranja wetu, akatuita tukutane. Tukakodi banda kando ya ziwa, Jumamosi mchana, wanawake watu wazima na miwani yetu, migebuka ya kukaanga mezani, kelele tupu. Tukiwa katikati ya kula, akaja Dafroza.

Dafroza hakuwa na baba wala mama. Siku za wazazi kututembelea alikuwa anakaa mkekani petu, tunakula pamoja alichopika mama yangu. Mama alimpenda, jamani. Alikuwa anamsuka nywele, na mimi mtoto wa pekee nimenuna pembeni. Mwaka wa mwisho, kabla ya Pasaka, mjomba wake alikuja kumchukua kwenda kwao Mwamgongo, safari ya ziwani. Hatukumwona tena.

Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemwalika. Tukamkumbatia. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama mtu aliyetoka kufua. Akala mgebuka mzima, na miiba yake, na kichwa chake, sahani ikabaki tupu. Nikajiambia njaa ni njaa, nisimchunguze mtu.

Akavuta kiti karibu yangu. "Mama hajambo?"

"Hajambo, yuko kule kule Mwandiga. Ananipigia simu mpaka kero. Umekula, umefika, umelala."

"Una bahati," akasema, akanishika kiganja. "Mimi ndiye niliyekuwa malaika wako mwaka ule. Hujanipa changu."

Meza nzima ikapiga makofi. Perpetua akasema, "Toa, bibi wewe. Desturi ni desturi."

"Haya, omba," nikamwambia.

"Nipe mama."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Nikasema, "Mchukue tu, kama utamweza."

Yeye hakucheka. Alisema asante kwa adabu, kama masista walivyotufundisha, akainuka kwenda kunawa ziwani. Hakurudi. Tukadhani amewahi boti.

Jioni ile simu ya mama haikuja. Nilipopiga mimi, haikupokelewa. Asubuhi nikachukua bodaboda hadi Mwandiga. Nikamkuta mlangoni anachambua maharage, mzima kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Unamtafuta nani?"

Nilidhani ananitania. Nikamtajia jina langu, jina alilonipa yeye. Akatikisa kichwa. "Binti yangu mimi ni Dafroza. Ametoka kidogo, kafuata maji." Nikamwonyesha picha yangu ya kipaimara pale ukutani. Akasema, "Huyo ni rafiki yake. Walisoma wote."

Utasema ni uzee. Niamini, hata mimi nilitamani iwe uzee. Nilimpeleka hospitali, akajibu maswali yote: siku, mwezi, majina ya majirani, bei ya mafuta ya kula. Daktari akaniambia mzee yuko timamu. Ni mimi tu nisiyekuwamo.

Perpetua aliuliza watu wa Mwamgongo. Wakamwambia Dafroza hakuwahi kufika kwao. Mtumbwi ulizama siku ile ile alipochukuliwa shuleni, mjomba akaokolewa, yeye hakuonekana. Perpetua akaliandika hilo kwenye kundi letu la WhatsApp, na wenzangu wakaanza kutoka kundini mmoja mmoja. Yeye akatoka wa mwisho. Aliandika "tuombeane" tu.

Ninakwenda kila Jumapili. Mama ananikaribisha kama mgeni, ananipa chai. Jua likianza kushuka anainuka: "Sasa mama, nakuomba uende. Mwanangu anarudi, na hapendi kukukuta hapa." Natoka, nasimama nje ya uzio. Ninamsikia akisema mwana wanje, yaani mwanangu, kwa Kiha chetu, kama alivyokuwa ananiita mimi. Na mtu anaitika, kwa sauti yangu.

Nililie nini zaidi? Ninacholilia ni hiki: mama amenenepa. Anaimba akipika. Kwangu mimi hakuwahi kuimba.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda kukutana na wenzako wa shule, nenda. Ila akitokea mtu akakuomba kitu kwa utani, mwambie hapana, waache wakuite mchoyo. Wale waliokuwa wananipigia makofi, mpaka leo hakuna hata mmoja aliyekuja kusimama nami pale nje ya uzio.