Ng'ombe wa Mama na Meza ya Msimu

Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu asubuhi moja niko kazini, katika ofisi ya chuo kikuu mjini Bukavu ambako kazi yangu ni kugonga mihuri kwenye karatasi za watu wenye haraka.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "kwetu sasa imekuwa ferme bio."

"Mama iko muzima?"

"Mama iko muzima sana. Mama iko ndani ya projet."

Hapo, niliposikia mradi ukitajwa kwa Kifaransa, ndipo nilipoanza kuogopa.

Kwetu ni kilima kimoja huko Kabare, nyuma ya soko la Mudaka. Barabara ikiwa na huruma unafika mapema. Mvua ikinyesha, unafika ukiwa umetukana watu wote wa wizara. Baba alipokuwa karibu kufariki alimwachia mama nyumba, migomba na ng'ombe wake, mbele ya ukoo mzima, ili asije mtu kusema hakusikia. Mdogo wangu wakati huo alikuwa mjini, katika shirika fulani, miaka ile mashirika yalikuwa bado na magari ya jipu ya kutosha. Jipu zilipopungua, naye akapunguzwa. Akarudi kilimani na kompyuta, viatu vyeupe na wazo.

Ferme ni shamba, na bio, alinieleza, maana yake ng'ombe hapewi chakula cha kiwandani, na majani hayatiwi dawa wala mbolea ya dukani. Nikamwambia: wee! Ng'ombe wetu hawajawahi kuona vitu hivyo kwa sababu vinauzwa! Sisi tumekuwa bio tangu babu. Tulifikiri ni umaskini.

"Njo vile, yaya! Umaskini yetu ilikosaka tu muntu wa kuipanga muzuri."

Nilipanda Jumapili iliyofuata kwenda kuona umaskini uliopangwa. Nilikuta hema nyeupe kwenye malisho, meza ndefu, na ubao ulioandikwa kwa chaki: Meza ya Msimu. Wageni walikuwa watu wa mjini wenye kazi nzuri, pamoja na wazungu kadhaa wa mashirika, na kila mmoja alikuwa amelipia kiti chake tangu wiki iliyopita. Waliletewa lengalenga, mchicha wetu. Wakaletewa boga na maharagi. Kisha wakaletewa mashanza, maziwa yetu yaliyoganda, yale ambayo kila mtoto wa huku ameyanywa kabla hajajua kusema, ila safari hii yalikuwa ndani ya glasi ndogo ya kunywea pombe kali na jani la mnanaa juu yake. Bwana mmoja alifumba macho alipoyaonja. Baadaye alimwuliza mdogo wangu kama maharagi yale yana hadithi. Mdogo wangu akasema yanayo, akaitunga pale pale, na ilikuwa nzuri kuliko maharagi.

Kiangazi kilipofika, ubao ukabadilika: viazi vitamu vya kuchemsha, peke yake. Katika utoto wangu viazi vitamu bila kitu kando vilikuwa na jina moja tu, nalo ni "tumeishiwa". Sasa vilikuwa vinapigwa foto.

Kando ya hema kulikuwa na soko la wakulima. Wakulima wenyewe walikuwa jirani zetu, wale wale tuliokua nao, ila walikuwa wamekatazwa kuja na mabeseni yao ya plastiki. Ilitakiwa vikapu. Hakuna hata mmoja kilimani aliyekuwa bado na kikapu, kwa hiyo mdogo wangu alivinunua soko la Kadutu, mjini, akawa anawaazima kila Jumapili asubuhi na kuvikusanya jioni. Nyanya za Kamanyola pia zilikatazwa, kwa kuwa zimetoka mbali, huko bondeni. Ziliuzwa vilevile, zikiwa zimefichwa chini ya kabeji.

Jirani yetu wa chini, mjane ambaye ulimi wake haujawahi kuugua, alinivuta kando.

"Yaya, siku ya Yenga niko nafanya mulimaji. Siku zingine niko nalima."

Yenga ndiyo Jumapili yetu. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nilikula pia, sitaki kudanganya, na nilirudia boga. Ilikuwa ni mchezo, na mchezo wenyewe ulikuwa mtamu, mpaka nilipomwona mama.

Walikuwa wamemvalisha vitenge vipya, wakamketisha kwenye kigoda karibu na zizi, kibuyu cha maziwa mapajani. Kazi yake ilikuwa kutabasamu. Wageni walikuja mmoja mmoja, wakainama, wakapiga foto naye, wakasema "Jambo, mama!" kwa ile sauti ya kuongea na mtoto. Mama alitabasamu vizuri sana. Amezika mume na dada zake wote. Kutabasamu kwa ajili ya wageni hakumshindi.

Wageni walipoondoka nilimletea chai. Alishika kikombe bila kunywa.

"Binti yangu," akasema, "leo batu bote benye balinisalimia, balilipa kwanza ku mulango."

Ilikuwa kweli. Mdogo wangu alikuwa amezungusha ua wa mbao kuzunguka eneo lote, akaweka lango, kufuli na kengele. Zamani hapakuwa na lango. Asubuhi jirani walikuwa wanaingia na vikombe vyao mama akimaliza tu kukamua. Mwenye mtoto mchanga alipata kwanza, mwenye mgonjwa akafuata, na mwenye kiu tu alipata mashanza pamoja na matusi kidogo. Hawakulipa. Walirudisha majani ya ng'ombe, au viazi, au habari za nani ameolewa na nani ametoroka. Siku zingine hawakurudisha chochote, na mama alisema maziwa hayalali.

Na walirudisha mabega yao. Huko kwetu gari haipandi mpaka nyumbani. Ukiugua vibaya unabebwa kwa kipoyi, machela ya mianzi ambayo wanaume wanapokezana mabegani mpaka barabarani. Hakuna anayelipwa. Wanakubeba kwa sababu umeishi nao, na kama hukuishi nao, siku hiyo kila mmoja ana mgongo unaomuuma. Mama alishabebwa hivyo mwaka wa malaria kali, na wanaume waliimba njia nzima asije akalala.

Sasa maziwa yote yalikuwa na rizervasyo, yamewekewa wageni wa kulipa. Neno hilo mdogo wangu alilitamka kama padre anavyotamka sakramenti. Jirani walikuja mara mbili tatu, wakakuta kufuli, wakaona aibu kupiga kengele kwenye nyumba ambayo walikuwa wanaingia bila kubisha, wakaacha. Vikombe vikabaki makwao.

Halafu, kuelekea mwisho wa kiangazi, ikaja wiki moja ya mvua. Mdogo wangu alikuwa Bukavu anatafuta wageni. Mama alianguka na homa, akiwa peke yake ndani ya nyumba, tangu alfajiri. Aliniambia baadaye kwamba aliita mpaka sauti ikaisha. Ni ng'ombe waliomwokoa: hawakukamuliwa, viwele vikawauma, wakalia mpaka mjane wa chini akaona hii si kawaida, akapanda ua na kitenge chake, akaacha nusu ya kitenge kwenye mbao. Alimkuta mama sakafuni, midomo imekauka.

Nilipopewa habari nililia ofisini mbele ya foleni nzima, mihuri mkononi. Nilikuwa na hasira hata sikujua nimkasirikie nani.

Mama mwenyewe alipopata nguvu alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeongelea hali ya hewa: "Kufa, siogope. Niko naogopa kufa bila muntu kujua."

Ungefikiri mdogo wangu angeondoa ua. Thubutu! Alinunua kengele kubwa zaidi. Kisha akatangaza Sikukuu ya Mwisho wa Kiangazi, meza kubwa kuliko zote. Ng'ombe mkubwa wa mama, yule aliyezaa karibu zizi lote, angechomwa mzima mbele ya wageni. Waliobaki wangeenda kwa mchinjaji, na mahali pao wangeletwa wale weusi na weupe, wa kwenye makopo ya maziwa ya unga.

"Yaya, hizi za mama ziko ndogo, na haziko natokea muzuri ku foto."

Nilimpigia kelele mpaka simu ikaisha umeme. Aliniambia sina maono. Nikamwambia maono yake yaende kuoga. Haikusaidia kitu, maana mdogo wangu ni mtu wa kusikiliza mpaka mwisho na kufanya alichokuwa amekwisha kuamua.

Mama alichukua fimbo yake, akaenda kuwatembelea jirani mmoja mmoja. Kwa wanaomjua mama, hiyo ndiyo saa ya kutafuta pa kujificha.

Jumamosi, kesho yake ikiwa sikukuu, alinitaka nipande asubuhi na nivae nguo ya heshima. Mdogo wangu alikuwa ameshuka mjini kuchukua viti na barafu. Nilikuta lango liko wazi kabisa, kufuli limetupwa kwenye majani, na uani kumejaa jirani. Kila mmoja amekuja na chupa au mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nikauliza kuna nini. Mama akanionyesha kiti: "Ikala. Niko nahitaji shahidi wa familia."

Ikabidi niikumbuke desturi ambayo mimi, mtu wa karatasi, nilikuwa nimeiweka pamoja na hadithi za bibi. Huku kwetu mwenye ng'ombe anaweza kumpa jirani ng'ombe amshike. Jirani anamkalisha kwake, anakunywa maziwa, anatia samadi kwenye migomba yake. Ndama wakizaliwa, mnagawana. Inafanyika mchana, mbele ya watu, na pombe inanywewa. Baada ya hapo ng'ombe yule bado ni wako, lakini huwezi kumfuata na kamba unapojisikia. Ukifanya hivyo umewavunjia watu urafiki, na kilima kizima kitajua wewe ni mtu wa aina gani.

Mama alisimama na fimbo yake. Alimwita mjane wa chini kwanza, akampa kamba ya ng'ombe mkubwa, yule wa kuchomwa. Mjane alipiga magoti, akapokea kamba kwa mikono miwili, akaanza kulia. Mama akamwambia aache ujinga, ng'ombe haipendi kelele. Kisha akaita mwingine, na mwingine, mpaka zizi likawa tupu. Mimi nilikunywa kasiksi kwa kila kamba, kama shahidi mwaminifu, na nilipofika kwenye kamba ya mwisho nilikuwa shahidi mwenye furaha sana.

Jumapili wageni walifika wamevaa kofia. Kwenye ubao kitu cha kwanza kilikuwa: Wageni Wanakamua Ng'ombe. Mdogo wangu aliwaongoza zizini huku akieleza kwa Kifaransa uhusiano kati ya binadamu na mnyama, akafungua mlango, na ndani palikuwa pamefagiwa.

"Mama! Ng'ombe iko wapi?"

"Kwa batu," mama akasema kutoka kwenye kigoda chake.

Mdogo wangu alidhani tumeibiwa. Nilipomweleza, nikiwa natafuna hindi la kuchoma na kujaribu kutoonyesha meno, uso wake ulibadilika rangi. Akakimbia kwa mjane, aproni ikimpiga magotini, na wageni wakamfuata na simu zao mkononi. Sikutaka kukosa hata neno, nikafuata.

Mjane alimpokea vizuri mno. Alimfutia kiti. Kabla hajaulizwa kitu alimletea kikombe cha maziwa, bado ya moto.

"Kunywa, papa. Hapa hakuna rizervasyo."

"Mama, niko naomba ng'ombe. Ya leo tu, mpaka magaribi."

"Niliipokeaka kwa mama yako, mbele ya yaya yako. Uende uongee na bale babili. Lakini kunywa kwanza, utapata nguvu ya kuongea."

Akanywa. Angefanya nini? Wageni nao walikuwa wamesimama kwenye migomba na viatu vyao safi, wanapiga foto jiko lenye moshi, na mgeni mmoja akauliza kama hii ndiyo sehemu ya pili ya programu. Mdogo wangu alimeza maziwa, akafuta mdomo, akasema ndiyo. Basi jirani wakatoa vikombe vyao, vile vile vya zamani, wakawamiminia wageni bure. Wageni walisema hawajawahi kuona ferme kama hii. Nyama haikuwepo, wakala viazi.

Walipokwisha kuondoka mdogo wangu alikuja kukaa chini mbele ya mama, bado na aproni.

"Mama, umeniharibia projet."

"Majani ni yale, ng'ombe ni zile, batu balikunywa, bakashukuru. Niliharibu nini?"

"Ungeniambia kwanza."

"Siku nilianguka pale ndani," mama akasema, "nilikuita wewe. Nilikuita sana."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Alivua aproni, akaikunja mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Jirani mmoja alipita njia ya katikati ya uwanja wetu na kikombe mkononi, akasalimia, mama akaitikia kwa sauti kubwa, na nikaona bega lake limeshuka, lile lililokuwa limekaza tangu wiki ile ya mvua. Mimi nilikuwa nimeshiba ushindi. Nilikuwa natafuta neno moja zuri la kummalizia mdogo wangu.

Mama akanigeukia.

"Na wewe, binti yangu. Kule Bukavu, ukianguka ndani ya nyumba, nani atajua?"

Mimi naishi peke yangu, nyuma ya ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake. Jirani zangu nawajua kwa honi za gari zao.

"Mulinzi," nikasema. "Iko mulinzi ku mulango, usiku na mchana."

Mama akaniuliza jina lake.