Washa Mbili kwenye Bolti Moja

Shemeji yake alimsingizia. Injini ya gari la muuguzi ilikufa kwa uzembe wa shemeji mwenyewe. Lakini alisimama uani mwa gereji yao mchana kweupe, mbele ya mafundi wote na mwenye gari, akasema imekufa kwa sababu mjane wa kaka yake hajui kusoma na ametoa washa isiyo saizi yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Anayetaka kuyapamba akayapambe kwake.

Washa yenyewe ni kidude tu, pete ya shaba au alumini yenye upana wa kifungo cha koti. Inakaa kati ya bolti na sampu, lile bakuli la chuma chini ya injini linaloshika oili. Oili chafu ikishamwagwa, bolti inarudishwa na washa mpya, inakazwa, washa inabanwa mpaka inaziba. Ukikosea, oili inadondoka tone moja moja na dereva hana habari, mpaka siku injini inapoanza kugonga kama mgeni aliyefungiwa nje.

Pale gereji walimwita Mama Washa. Alikaa kaunta miaka kumi na tisa, kwanza pamoja na mumewe, kisha peke yake. Shule aliipita kwa nje, ndoo kichwani, akiwasikia wenzake wakiimba herufi. Lakini kwenye washa hakuna aliyeweza kumdanganya. Mteja akileta bolti, aliifuta kwa pindo la aproni, akaipitisha kwenye washa polepole. Iteremke bila kulazimishwa, na ikifika chini isicheze, maana inayocheza hukaa upande. Kisha aliangalia ukingo, kama unalala sawasawa chini ya kichwa cha bolti. Mwisho aliidondosha juu ya kaunta na kusikiliza. Shaba inayolia imeshakuwa ngumu, hiyo aliirudisha. Inayoanguka kimya ni laini, hiyo alimpa mteja.

"Washa lazima iwe laini kuliko sampu," aliwaambia waliomshangaa. "Wawili wakibanana, mmoja lazima aumie. Bora aumie wa bei rahisi."

Mafundi walimtania. "Mama Washa, leo usituwashe."

"Mwenye kuwashwa ana lake," aliwajibu, nao walicheka na kurudi chini ya magari.

Siku ile ya kwanza ya gari la muuguzi, alimpa shemeji yake washa ya shaba ya milimita kumi na nne, akiwa ameipima kwenye bolti yenyewe. Shemeji alipokuwa anaelekea kwenye gari, alimuuliza, "Ya zamani umeibandua, shemeji?"

"Shemeji, wewe uza. Kufunga niachie mimi."

Wiki tatu baadaye gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Sampu ilikuwa kavu kama kibuyu. Muuguzi alilia kwa hasira, na shemeji mtu alijua hasira ile inatafuta pa kutua. Akaenda kaunta, akachukua boksi, akamsogezea mjane wa kaka yake usoni.

"Ulinipa namba gani? Haya, soma hapa, watu wakusikie."

"Bolti niliipima kwa mkono wangu."

"Nimesema soma."

Kuna mtu alicheka. Muuguzi akamwambia maneno ambayo hata chumbani huwezi kuyarudia. Mama Washa alinyamaza, na kunyamaza kule kukahesabiwa kuwa amekiri. Jioni ile ile alipokonywa ufunguo wa kaunta, akapewa ndoo ya mafuta ya taa na brashi ya kuoshea vipuri. Kaunta akakalishwa binti wa shemeji, msichana mpole aliyemaliza shule.

Nusu mwaka mzima aliosha vipuri. Mikono ilibabuka. Wateja wa zamani walimpita wakimwonea huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko mafuta ya taa.

Hadi asubuhi moja muuguzi aliporudi tena. Injini ilikuwa imefumuliwa na kuundwa upya palepale, oili imebadilishwa na shemeji mwenyewe, washa imetolewa na binti aliyesoma. Na bado kila anapoegesha gari kazini, anaacha doa jeusi chini.

"Fundi," muuguzi alisema, akiegemea mlango wa gari, "safari hii nani hajui kusoma?"

Shemeji mtu alichukua spana. Aliingia chini ya gari, akamwaga oili, akaomba washa nyingine. Akafunga, akatia oili, akawasha. Tone likaning'inia kwenye bolti, likaanguka. Akarudia. Akakaza zaidi, mpaka mchomeleaji, mzee mwenye ulimi mkali, akamwambia, "Endelea kukaza hivyo, ukate meno ya sampu, halafu tutafute wa kumsingizia."

Binti alikuja na boksi mkononi, macho yamejaa machozi. "Mama mkubwa, si ndiyo hii kumi na nne?"

Mama Washa aliichukua, akaipima kwa kidole. "Ndiyo yenyewe, mwanangu. Wewe hujakosea."

Akaweka brashi chini, akafuta mikono. "Shemeji, toka huko."

"Utafanya nini?"

"Nitatazama."

"Mpishe," mchomeleaji alisema. "Wewe umeshatazama mara tatu."

Alilala chali juu ya kipande cha boksi, akafuta sampu kwa kitambaa kikavu. Kwa macho, tundu lilikuwa safi na chuma kimelala sawa. Hakuyaamini macho. Alizungusha kidole polepole kuzunguka tundu, na kidole kikakuta ngazi, nyembamba kama ukucha, pasipotakiwa kuwa na ngazi.

"Nipeni bisibisi ya bapa, nyembamba."

Aliichomeka pembeni, akagonga kidogo, akabandua. Pete ya alumini, nyeusi, iliyobanwa mpaka imechongeka mfereji upande mmoja, ilianguka kwenye kiganja chake. Akatoka chini, akampa muuguzi.

"Hii ndiyo washa yako ya zamani. Ilishikana na sampu mpaka ikafanana nayo. Kila washa mpya imekuwa ikifungwa juu yake. Na washa mbili haziwezi kuziba tundu moja, kila moja inamtegea mwenzake."

"Kwa hiyo ile uliyonipa wewe..."

"Ilikuwa saizi yake. Ilikosa mahali pa kukaa."

Alichagua washa kaunta, akaidondosha, ikaanguka kimya. Alizungusha bolti kwa vidole mpaka ikagota, ndipo akashika spana, akaisukuma kidogo tu, akaiacha. Wakatia oili, wakatandika gazeti chini, injini ikanguruma robo saa. Gazeti lilitoka kavu.

Muuguzi hakungoja kuitwa pembeni. Alisema palepale, kila mtu akisikia, "Dada, nilikutolea maneno mabaya, na hukustahili. Nisamehe."

"Yameisha, dada," Mama Washa alimjibu, na kweli yalikuwa yameisha.

Shemeji mtu aliosha mikono muda mrefu kuliko uchafu wake. Alasiri alimfuata nyuma ya mapipa ya oili, ambako hakuna anayesikia.

"Shemeji, kesho ukae kaunta. Binti atakusomea maboksi."

"Ufunguo?"

Akampa. "Basi yaishe."

"Ufunguo nimechukua kwa sababu kaunta ni kazi yangu. Lile jingine bado."

"Lipi tena? Watu si wamejionea?"

"Wameona kosa la washa. Hawajasikia kosa la mtu."

Shemeji akaondoka akitikisa kichwa, kana kwamba mwenye makuu ni yeye mama.

Sasa Mama Washa yuko kaunta. Binti humsomea maboksi, naye humwonyesha binti mawili ambayo yameandikwa kumi na nne na ndani yake ni kumi na mbili. Bolti zinaletwa, anazipima, washa zinaanguka kimya. Kazi haina tatizo.

Mwenye deni ni shemeji yake. Hadaiwi ufunguo, wala kaunta. Anadaiwa asimame uani mchana, mbele ya mchomeleaji na mafundi wote waliokuwepo, aseme kwa sauti ile ile aliyomwambia nayo asome: "Aliniuliza kama nimebandua ya zamani, nikamjibu ovyo, na sikuibandua." Binti amejitolea kusema kwa niaba ya baba yake. Mama mkubwa amemkatalia. Deni hilo halilipwi na mtoto.