Jumamosi za Olenguruone

Mwaka niliofikisha miaka hamsini na tatu, mume wangu alihamia sebuleni. Hatukuwa tumegombana. Alisema mgongo unamuuma, godoro letu limelegea, na kochi litamfaa zaidi. Nikamkunjia blanketi mbili na mto. Nitasema ukweli ambao wakati ule nisingemwambia mtu yeyote: nilifurahi.

Nilifurahi kwa sababu tangu hedhi yangu ikome, tendo la ndoa lilikuwa limegeuka adhabu. Palipokuwa laini palikauka. Nilikuwa nauma meno hadi amalize, halafu kwa siku mbili kwenda haja ndogo kunawasha kama pilipili. Sikumwambia; siku alizosema amechoka nilipumua tu. Mama yangu alinifundisha kupika na kusali. Hayo mengine hatukuyagusa. Nilidhani ndivyo mwanamke anavyofunga duka.

Basi wiki tatu nililala kwa raha. Ya nne raha ikaisha, maswali yakaanza. Mwanamume wa miaka hamsini na tisa, ambaye bado anabeba gunia la viazi mgongoni, anawezaje kumwacha mke wake bila hata kulalamika? Kama hali nyumbani, anakula wapi?

Tangu astaafu kiwandani alikuwa akinunua viazi Molo kila Jumanne na kuviuza hapa Nakuru. Hilo nililijua. Lakini sasa akaanza kwenda soko la Olenguruone pia, huko milimani, kila Jumamosi, na huko harudi na gunia hata moja. Anarudi na mfuko mdogo wa karatasi ndani ya koti.

"Ulienda kufanya nini?" namwuliza.

"Kuangalia bei."

Bei ya nini, hasemi.

Sikuweza kutulia. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilihamisha kabati kutoka ukuta huu hadi ule, kesho yake nikalirudisha. Kanisani nilijikuta nimesimama wenzangu wameshaketi. Jirani yangu hapa mtaa wa Section 58 akaniuliza, "Wewe mama una nini? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia." Nikamwambia ni joto la mwili, na hata hilo lilikuwa kweli.

Jumamosi moja nikamfuata. Nilimwacha atangulie, nikapanda gari lililofuata. Huko juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio, lakini mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Sokoni nikapita kwenye kabeji, nikapita kwenye kondoo, nikapita kwenye mitumba. Nikamwona. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mwanamke aliyejifunika leso kichwani, wananong'ona karibu vipaji vya uso vigusane. Nilienda moja kwa moja.

"Ndiye huyu?" nikasema.

Mwanamke akainua uso. Alikuwa nyanya wa miaka sabini hivi, amebakiwa na meno machache, ameketi nyuma ya vichupa na mafungu ya mizizi.

"Karibu, mama," akasema. "Kumbe wewe ndiye mwenyewe? Huu sasa ni mwezi mzima mzee wako ananunua dawa kwangu. Imesaidia?"

Mume wangu aliinuka polepole, mfuko wa karatasi mkononi, akaniambia, "Twende."

Tulitembea hadi mwisho wa soko, kwenye ua wa mbao. Aliongea akiwatazama ng'ombe wa watu.

"Tangu nianze dawa za presha, mwili haunisikii. Zile siku ulidhani nimechoka, sikuwa nimechoka. Nikaona heri nihame kabla hujanicheka."

"Mimi nikucheke?"

"Mwanamume akifika hapo anabaki na nini?"

"Na hizo dawa za presha, bado unakunywa?"

Akatikisa kichwa. Alisema ameziacha mwezi mzima, ili mizizi ifanye kazi. Hapo nilimfokea mbele za watu, kwamba anataka kunifanya mjane kwa sababu ya kitanda. Baba yake, mtu wa reli, alianguka kwa presha akafa akiwa na umri huohuo. Nilipoishiwa na maneno nikalia, na katika kulia nikamwambia yangu: maumivu, kuuma meno, na kwamba alipohama nilishukuru.

"Ulishukuru?"

Niliona lilivyomchoma.

"Wiki tatu. Halafu ndiyo hivi nimekuja huku."

Jumatatu tulienda kliniki pamoja. Daktari alikuwa msichana wa rika la binti yetu, na alituuliza mambo ambayo hatujawahi kutamka katika miaka thelathini ya ndoa. Alipima presha akakunja uso. Alimrudisha kwenye dawa, akambadilishia aina moja, akamwonya asiziache tena kimyakimya. Alimwambia presha yenyewe huleta tatizo hilo, sukari pia, kwa hiyo apimwe na sukari. Mimi alinipima kwanza kama nina maambukizi. Hayakuwapo. Akaeleza kwamba homoni zikipungua ngozi ya pale huwa nyembamba, na inatibika. Akaniandikia krimu, na jeli ya kulainisha.

"Na msiharakishe," akasema. "Kuna mengi ya kufanya kabla ya hapo."

Mume wangu akawa anasoma kalenda ya ukutani kwa makini sana.

Alirudi kitandani baada ya wiki mbili, Jumapili alasiri, mvua ikinyesha. Tulilala tumevaa soksi. Alinishika mkono, akanikanda mabega, basi. Wiki nyingine ikawezekana, polepole, nami sikuuma meno. Wiki iliyofuata haikuwezekana, akageukia ukuta. Nikamgeuza.

Siwezi kusema nimetulia. Bado nafungua droo yake kuona kama vidonge vinapungua. Bado akinuna najiuliza ananificha nini. Lakini sasa namwuliza wazi, naye mara nyingi hujibu. Juzi hakujibu. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamwuliza tena.