Hadithi ya Brayo

Juzi sokoni Eldoret muuza viazi aliita, "Mama Brayo!" Mama akageuka upesi, akachungulia nyuma ya yule muuza viazi, kana kwamba muuzaji amekuja na mtu.

Nikakumbuka alasiri moja katika kambi ya waliofurushwa makwao, baada ya nyumba yetu kule Burnt Forest kuchomwa. Hema lilinuka turubai lenye joto na uji ulioungua. Nilikuwa nalia, na mama akasema, "Nyamaza, nikupe hadithi ya Brayo." Brayo ni kaka yangu, aliyebaki nyuma kufungulia ng'ombe. Mama akasimulia moshi, kelele, mtaro tulimojificha. Brayo hakutokea.

"Mum, Brayo anaingia lini?"

"Bado anafungulia ng'ombe."

Nilidhani mwenye hadithi huwekwa mwisho, kama nyama tunayoibakisha kwenye sahani. Nikangoja, uji ukapoa.

Siku hizi mimi ndiye ninayempeleka mama kliniki na kumfungia vifungo vya sweta. Lakini mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, na hakuna anayemwita kwa jina langu, Mama Lydia.

Nilimwita hivyo mara moja, kwa mzaha. Hakugeuka.