Pampu Iliyolaliwa na Kuku

Buda, baba yangu, alipozikwa, ukoo ulikaa kwa viti vya kukodisha ukagawana vitu vyake vile watu hugawana nyama ya harusi. Anko, ndugu yake mkubwa, alichukua baiskeli na koti la mvua. Mwingine akabeba redio. Kuna mmoja alienda na kofia, na kichwa chake ni kikubwa hivi kwamba haijamwingia mpaka leo. Pampu ya maji ndiyo ilikosa mwenyewe. Ilikuwa imekufa hata kabla ya buda. Anko aliipiga teke akasema, "Hii muuzie watu wa skrepu, mpate hata ya chumvi." Ikatupwa kwa nyumba ya kuku, na kuku wakaifanya kitanda.

Mtu asiniambie sikuwa hapo. Nilikuwa hapo, nikipeana chai.

Sisi tunakaa Witeithie, ule upande wa chini ambapo mashamba yanateremka mpaka mtoni. Mathe (akiwa karibu namwita mama) hushona nguo hapo kwa veranda, lakini watu hukumbuka kushonesha Krismasi na shule zikifunguliwa, basi. Kilichokuwa kinatulisha ni kipande cha chini, alikopanda mishiri, yale maharagwe membamba yanayopelekwa ng'ambo kwa ndege. Hayo ni maharagwe ya maringo. Yakikosa maji wakati wa maua yanajikunja kama mkia wa nguruwe, na lori la wanunuzi halibebi kitu kimejikunja. Mwaka huo yalitoa maua na mvua ikanyamaza. Tukawa tunapanda na ndoo kutoka mtoni, mathe mbele, mimi nyuma, mpaka mabega yangu yakawa kama nimeazima kwa mtu.

Ndipo mathe akaikumbuka pampu. Tulifukuza kuku, tukaipandisha kwa pikapu ya jirani aliyekuwa anapeleka kabeji Thika, tukamfikia fundi mmoja wa jua kali kule nyuma ya stendi. Fundi aliizunguka, akaigonga, akatikisa kichwa kama daktari wa sinema.

"Mama, hii ilienda. Wacha hapa tu, nitakutupia."

Lakini macho yake yalikuwa yanailamba kabureta kama mbwa wa buchari. Mathe aliona.

"Kama ni ya kutupwa," akasema, "mkono wa kutupa ninao."

Tukarudi nayo nyumbani. Njiani nilimuuliza ni nani sasa ataitengeneza. Akaniangalia kutoka juu hadi chini, polepole. Nikajua likizo yangu imekwisha.

Yeye alileta bisibisi ya cherehani na kichupa cha mafuta ya cherehani. Mimi nilileta kitabu cha fizikia, kwa sababu kina picha ya injini iliyokatwa katikati kama mkate. Ukweli ni kwamba picha haina kutu. Kwa ekzosi ya pampu yetu nyigu walikuwa wamejenga estate nzima ya udongo. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka uji wa kahawia. Mathe akatia kokoto ndogo kwa tangi na petroli kidogo, tukawa tunaitikisa kwa zamu kama kayamba, tunamwaga, tunatikisa tena, hadi ukichungulia ndani unaona uso wako. Katundu ka kabureta nilikazibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Ile gasketi iliyochanika tulikata nyingine kutoka kwa kadibodi ya kalenda ya mheshimiwa mbunge, tukapitisha wembe katikati ya tabasamu lake. Nikamwambia mathe hiyo ndiyo kazi ya kwanza mheshimiwa amefanyia hii lokesheni. Alicheka mpaka akaketi chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu matanga.

Sasa moto. Kuna vyuma viwili vidogo ambavyo vikigusana na kuachana ndipo plagi inapata cheche, na vyetu vilikuwa vimeota kutu. Mathe alivisugua kwa ule ubavu wa kiberiti, pale pa kuwashia, taratibu, kama mtu anapiga kucha msasa. Halafu nikamwambia ashike plagi kwa chuma, mimi nivute kamba tuone kama kuna cheche.

"Hainirushi?"

"Fizikia inasema iko sawa."

Nikavuta. Mathe aliruka na "Ngai!" ambayo hata padri aliisikia, halafu akanifukuza na mwiko kuzunguka nyumba.

"Kihii wewe! Unataka kuniua nifuate baba yako?"

"Lakini cheche iko, mama! Si umeiona?"

"Nimeionja!"

Tuliishusha mtoni tukiwa bado tunacheka. Kamba ilikataa, ikakataa, mathe akagusa choki, kile kishikio cha kubana hewa, nikavuta tena, na pampu ikaamka. Ekzosi ilikuwa imeoza ikabaki shimo tu, kwa hivyo haikunguruma, ilipiga mayowe. Ng'ombe wa ng'ambo ya mto walikimbia. Mpira wa maji ukafura, ukatapika matope, kisha maji. Mathe alisimama kwa mfereji bila viatu, maji yakimpita katikati ya vidole, akiyatazama tu. Mimi nilikuwa nasema kila kitu.

Maji hayajafika mstari wa mwisho, tukamwona anko anateremka kilima. Shamba lake liko bonde lilelile, upande wa juu. Alikuja mbio kama mtu anaenda kuzima moto.

"Hiyo si mashine ya ndugu yangu?"

"Ndiyo hiyo," mathe akasema. "Imefufuka."

Akaishika kwa tangi. Alikuwa na macho yale ya fundi wa Thika.

Jumapili akaja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa kwa veranda yetu, wakanywa chai yetu, yenye maziwa mengi kwa sababu mathe alikuwa bado anafikiri adabu itasaidia. Anko alianza kwa kumsifu marehemu. Alimsifu kuliko siku ya mazishi.

"Ndugu yangu hakununua mashine ichezewe na watoto," akamalizia. "Mashine ni ya boma. Inakaa kwa mkubwa wa boma."

"Imekaa na kuku wakati huo wote," mathe akasema. "Hukuja kuwauliza kuku. Si wewe ulisema tuiuze skrepu?"

"Hayo yalikuwa maneno ya matanga," mzee mmoja akasema. "Mtu akiwa na uchungu husema chochote."

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Na hao kuku, wazee? Wameilalia sana. Hawapati urithi?"

Mzee wa pili alikaribia kucheka, akajiokoa na chai. Anko akanigeukia. "Huyu ndiye mnasomesha?"

Mathe alinifinya paja chini ya meza, kisha akawaambia kwa sauti ndogo ambayo siipendi, "Niachieni mpaka nivune tu. Maua yameanza kushika. Baada ya hapo muichukue."

"Shemeji, kwani nakunyima?" anko akasema. "Nitakuwa nakupa siku zako."

Wazee wakasema basi, hayo ni maneno mazuri, mambo yamekwisha kinyumbani. Pampu ikaondoka kwa mkokoteni. Mzee wa pili aliomba chai iongezwe.

Siku zetu hazikuja. Aliyekuja ni anko mwenyewe, asubuhi, amesimama kwa geti, mkono wa kulia umechubuka kwa kuvuta kamba.

"Mlitoa nini kwa hii mashine?"

"Hatukutoa kitu," mathe akasema.

"Kwenu ilikuwa inawaka. Kwangu inakataa. Lazima kuna kitu mmeficha. Nirudishieni kitu cha ndugu yangu."

Majirani walikuwa wamesimamisha kufua. Mathe alishuka kwenye cherehani akaniambia, "Nenda ukaiwashe."

"Mama, wacha ikae hivyo! Tutarudishiwa."

"Nenda. Sitaitwa mwizi wa vitu vya bwanangu mbele ya watu."

Nilienda. Njiani nilichota mchanga wa mto nikajaza mfuko, na sitadanganya, haukuwa wa kucheza nao. Nilifungua tangi la pampu, anko akiwa ameenda kutafuta mpira. Nikachungulia. Uso wangu ulikuwa pale ndani, safi, vile tuliuacha tukitikisa zile kokoto. Nikafunga. Ule mchanga nikaumwaga kwa gambuti za anko zilizokuwa mlangoni, zote mbili, hadi kwenye vidole.

Pampu, anko alikuwa ameizamisha kwa petroli, hiyo tu. Nilikausha plagi, nikavuta, ikapiga mayowe. Anko alitokea akitabasamu, akapigapiga tangi kama kichwa cha mtoto.

"Unaona? Ilikuwa inamngoja mwenyewe." Halafu, kwa wema mwingi, "Waambie nyumbani wakitaka maji waje na mitungi."

Mathe nilimkuta kwa mishiri, ameinama, anatoa maharagwe yaliyojikunja na kuyaweka kando. Rundo la kando ndilo lilikuwa kubwa.

"Imewaka?"

"Imewaka."

Kutoka juu ya bonde mlio ulikuja ukikohoa, ukishikwa, ukikohoa tena. Mathe aliinua kichwa akasikiliza kama anavyosikiliza cherehani ikiruka uzi.

"Ameacha choki imefungwa," akasema. "Anainywesha petroli bure. Ataiua."

Nilisimama, kwa mazoea tu, niende nikamwambie.

"Kaa chini," mathe akasema.

Nikakaa. Akanisukumia ndoo moja kwa mguu, yeye akachukua ile nyingine, na hatukuongea tena juu ya pampu, ingawa ilikuwa inatupigia kelele masikioni mpaka jioni ilipozimika yenyewe.