Mwenye Kisima

Utotoni mwangu, pembeni ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, hakuna aliyechota maji saa saba mchana. Saa hiyo, Bibi alisema, mwenye kisima huoga, na anayemkuta hurudi na homa. Wasomaji huniuliza mji wa vitabu vyangu niliutoa wapi. Niliutoa pale: kisima kile, kichaka nyuma yake, na jua jeupe la mchana lililofanya kila kitu kionekane kama kinaelea.

Vita vya kuwaondoa Wareno vilikuwa vimeshaanza. Baba mdogo, kitindamimba wa Bibi, alikuwa amevuka Ruvuma kujiunga na wapiganaji. Mimi nilikuwa na miaka minane. Siku moja mdogo wangu alishikwa na homa, mtungi ukawa mtupu, na mama yuko shamba. Nikachukua ndoo, nikaenda saa ileile.

Nilimkuta Bibi amechutama, akinong'ona kwa sauti ya kubembeleza. Mkono ukatoka kichakani, ukapokea sahani ya wali na yai, ukarudi ndani. Bibi akageuka.

"Umeona nini?"

"Mkono."

"Wa nani?"

"Wa mwenye kisima."

"Basi umeona sawa, mjukuu wangu. Chota, twende."

Siku ya tatu askari wa Kireno wakatukusanya watoto. Mmoja alinipa biskuti, akaniuliza kupitia mkalimani wao, Bwana Faki: nani huja kisimani? Nikajibu nilichokiamini.

"Mwenye kisima. Bibi humpelekea wali na yai."

Bwana Faki akatafsiri kwa maneno mawili matatu tu. Nililoelewa ni *diabo*, shetani. Askari wakacheka, wakaenda zao.

Alasiri Bwana Faki alipita uani kwetu. "Mama," alimwambia Bibi bila kumtazama, "mwenye kisima ahame leo."

Kabla hajafa, Bibi alinieleza: kichakani alikuwemo baba mdogo, akiwa na jeraha la mguu. Alimwambia aondoke, lakini hakumwambia nani ametuonya. Akaniapisha nami nisimtaje Faki, maana Wareno wangemuua.

Uhuru ulipofika, kiapo kile hakikuwa na kazi tena. Vijana walimtoa Faki nyumbani kwake, wakimwita kibaraka, wakamwamuru auhame mji. Baba mdogo, aliyerudi mzima, alikuwa miongoni mwao. Nilisimama mlangoni nikamwona Faki akipita na furushi kichwani, mkewe nyuma yake. Niliogopa zile kelele. Sikusema neno.

Nilikuja kumwambia baba mdogo baada ya miaka mingi. Akauliza, "Alielekea wapi?" Hakuna aliyejua.

Katika mji wangu wa kubuni nimempa Faki nyumba yenye baraza pana karibu na msikiti, na kila apitaye humwamkia. Wasomaji husema mtu huyo hana kazi katika hadithi. Ni kweli, hana. Nilitaka akae tu pale, asiambiwe na mtu aondoke.